Kibali chako kinaishia wapi?

Mara ya kwanza mzigo wangu kukamatwa, kibali cha uchuuzi kilikuwa mfukoni. Kimelipiwa, kina muhuri. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimevuka mpaka wa halmashauri iliyokitoa bila kujua, na upande wa pili ilikuwa karatasi tu.

Siku hizi, kabla sijafunga mzigo, nasoma sheria ndogo za huko ninakokwenda, nikianzia pale zinapofafanua maneno. Wachuuzi wengi huiruka sehemu hiyo wakakimbilia ada. Lakini hapo ndipo utajua wanakuhesabu kuwa nani: anayetembeza bidhaa, anayepanga chini, au aliyekodi chumba kwa wiki mbili kisha akaondoka. Uingereza, sheria ya wachuuzi ya 1871 humpa anayetembea kwa miguu cheti cha mwaka mmoja kutoka polisi. Akisimama mahali pamoja akingoja wateja, anaweza kuhesabiwa muuzaji wa barabarani, na hapo cheti hakimwokoi. Huenda akahitaji leseni ya halmashauri. Bidhaa ni zile zile, miguu tu ndiyo imetulia!

Wauzaji wa nyumba kwa nyumba, ninyi ulizeni mapema zaidi. Mji wa Green River, katika jimbo la Wyoming nchini Marekani, ulipiga marufuku mwaka 1931 kubisha hodi kuuza bila kualikwa, na miji mingine ikaiga.

Kuna pia dhamana, yaani kinga ya kulipia madai ya wateja, ambayo baadhi ya miji ya Marekani humtaka mfanyabiashara wa kupita aiweke kabla ya kuuza. Nilipoisikia niliona ni uonevu mtupu. Kisha nikajiweka mahali pa mnunuzi: bidhaa ikimharibikia wiki ijayo, nami nishahama, atanidai wapi? Mwenye duka anafuatwa dukani kwake. Mimi sina mlango wa kugongwa. Ndiyo maana sasa naandika stakabadhi yenye jina na simu yangu hata nisipolazimishwa, na maafisa wakiiona huwa wanalegea kidogo.

Wakikukamata, usigombane, omba orodha ya kila kilichochukuliwa, yenye tarehe na sahihi ya afisa. Mimi siku ile sikuomba. Nilipolipa faini na kurudishiwa mzigo, maboksi mawili hayakuwepo, na sikuwa na cha kuonyesha kwamba yaliwahi kuwepo.