Usikwangue utandu ukapanda mbegu za uyoga: gogo hilo lina mwenyewe

Mkuu, weka chini hiyo brashi ya waya. Umeandika kwamba umekuta miti iliyoanguka msituni, magogo yamevaa utandu wa rangi ya chungwa, una vinyweleo juu na ni laini chini, na unataka kuukwangua, utoboe matundu upande mbegu za shiitake, uyoga wa kula. Umeuliza pia utandu huo unaitwaje, kama unaliwa, msimu upi mzuri wa kupanda, na matundu yaachane kiasi gani. Hayo mengine yangoje. Ukipanda kwenye magogo hayo umetupa mbegu, nta ya kuzibia matundu na nguvu zako, na kama una magogo mabichi pembeni utayapoteza na hayo pia. Nina hakika kwa sababu nilifanya vilevile na nikayapoteza.

Utandu unaouona kwenye gome ni sehemu ya kuzalia tu, ile inayotoa vijimbegu vipeperuke. Kuvu yenyewe iko ndani. Nyuzi zake, nyembamba kuliko unywele, zimeshapenya mbao na zinazila. Nyingi za jamii hii huozesha mbao kwa uozo mweupe: huvunja lignini, ile inayoupa mti ugumu, pamoja na selulosi, na mbao hubaki nyeupe, laini, nyepesi, yenye nyuzinyuzi. Kuvu haihangaiki kutoa utandu nje kabla haijashiba ndani. Siku unapouona, gogo lilikwishatekwa zamani. Sasa ukikwangua juu, umeondoa nini?

Mtu aliyeniuzia mbegu aliniambia, kwa uso mkavu kabisa, "Kwangua tu, osha, mbegu zetu zina nguvu, zitaishinda." Alikuwa anajua. Mtu anayeuza mbegu za kupandwa kwenye magogo hawezi kukosa kujua, hilo ni somo la kwanza la kazi yake. Lakini kadiri unavyotoboa matundu mengi ndivyo anavyouza mbegu nyingi, na uyoga usipotoka atakwambia hali ya hewa ilikuwa mbaya. Ndivyo alivyoniambia mimi. Hadi leo nikikuta mtu anapewa ushauri ule damu inanichemka, maana shiitake kwenye gogo huchukua kati ya miezi sita na mwaka na nusu, wakati mwingine zaidi, kabla ya kutoa uyoga wa kwanza. Anayekudanganya leo anajua utagundua baada ya muda mrefu sana.

Hasara kubwa zaidi haikuwa hata yale magogo ya kuokota. Nilikuwa na magogo mengine mazuri, yamekatwa kwenye miti hai yenye afya, gome limeshika vizuri, nimeyapanda mbegu kwa utaratibu. Nikayapanga yote pamoja, mabichi na ya kuokota, yamegusana. Miezi ikapita. Utandu niliokwangua ukarudi kana kwamba sikuugusa, na baadaye nikaanza kuuona kwenye magogo mabichi, kwanza penye ncha zilizokatwa, kisha kuzunguka matundu, palepale nta ilipokuwa imepasuka. Nilipopasua gogo moja nikaona vita yenyewe. Upande mmoja palikuwa na eneo dogo la shiitake kuzunguka tundu, upande wa pili mbao zimepauka, na katikati mstari mweusi mwembamba kama wa wino. Mistari hiyo ni mipaka. Kuvu mbili zinapokutana kwenye mbao moja hupigana kwa kemikali, kila moja inalinda eneo lake, na pale isipopatikana mshindi hujenga ukuta. Profesa Lynne Boddy wa Chuo Kikuu cha Cardiff amefanya kazi miaka mingi juu ya mapigano haya, na juu ya jinsi kuvu nyingine zinavyolala ndani ya mti ulio hai zikisubiri ufe au ukauke ndipo ziamke. Kwa hiyo hata gogo la kuokota lisilo na utandu wowote si salama.

Wataalamu wa misitu wanalitumia jambo hilohilo kwa faida. Kuvu nyingine ya utandu, Phlebiopsis gigantea, hupakwa kwenye visiki vya misonobari mara tu mti unapokatwa, ili ikalie mbao kabla ya Heterobasidion, kuvu inayoozesha mizizi na kuua miti ya jirani. Mtafiti John Rishbeth alionyesha njia hii Uingereza mwaka 1963 na hadi leo inatumika Ulaya. Angalia kinachofanyika pale: hawakwangui kitu, wanawahi tu. Aliyetangulia kuingia ndiye anayemiliki.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii moja tu, na ningeomba uishike kuliko kitu kingine chochote humu: kata kwanza, uangalie ndani. Usiamini gome. Kata kipande mwishoni mwa gogo na utazame uso wa mkato. Mbao isiyooza ina rangi moja iliyotulia na msumeno unapita kwa shida. Ukiona mabaka yaliyopauka, mistari myeusi, sehemu unayoweza kubonyeza kwa ukucha, au gogo ni jepesi kuliko ulivyotarajia, liache. Hakuna dawa, hakuna kuchemsha, hakuna "mbegu zenye nguvu". Magogo ya shiitake hukatwa kwenye mti mzima wenye afya, na mbegu ziingie ndani ya wiki chache, kabla wengine hawajawahi.

Kuhusu jina, kwa maelezo yako nadhani ni Stereum hirsutum, inayopenda miti ya majani mapana, hasa mwaloni. Chini iwe laini kabisa. Ukiona vitundu vidogo vidogo hiyo ni jamii nyingine. Ukwangue kwa ukucha ukiwa mbichi: ukigeuka mwekundu kama unatoka damu, basi ni ndugu zake, Stereum gausapatum au Stereum rugosum kwenye miti ya majani mapana, Stereum sanguinolentum kwenye misonobari na jamaa zake. Na ile kitu ya manjano inayotetemeka uliyosema imeota katikati ya utandu, yaelekea ni Tremella aurantia. Haili mbao, inaishi kwa kuinyonya Stereum hirsutum. Kama ni yenyewe, huna haja ya ushahidi mwingine kwamba gogo hilo lina mwenyewe.

Kama umeshayabeba, yatenge leo hii, mbali na magogo yoyote mabichi, au bora uyarudishe yalikokuwa, maana msituni yana wadudu na udongo wa kulisha. Kisha kata kipande cha gogo lolote unalotaka kutumia, piga picha ya mkato palipo na mwanga mzuri, uiweke hapa. Nitaitazama kabla hujalipa senti moja ya mbegu.