Shangazi Anajibu: Mtoto nimwache wapi nikienda Mwaloni?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi nauza dagaa hapa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, mume wangu yuko visiwani anarudi mara mojamoja. Tuna mtoto wa miaka miwili na nusu. Siku za giza, mwezi ukiwa hauonekani, dagaa wanaingia kwa wingi, natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, dada wa kazi nilishindwa kumlipa akaondoka, na dei kea iliyo karibu inafungua saa moja na nusu, saa hiyo mzigo mzuri ushanunuliwa wote. Kwa hiyo naenda naye mgongoni na nikimshusha tu anakimbilia ziwani, wiki iliyopita nimemkuta maji yashamfika kiunoni. Nikamuuliza mtendaji wa mtaa ninaokaa kama kuna kituo cha serikali akanambia malezi ni ya mzazi mwenyewe. Ni kweli hawahusiki?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo kwenye maji kufika kiunoni nimeparudia mara mbili, kwa hiyo naanza na la haraka: kuanzia kesho ongea na wenzako watano sita wenye watoto, mpeane zamu, mmoja abaki na watoto mbali na maji wengine wakanunue, na mnayemwachia mumtolee fungu lake. Hilo ni la kusogeza siku tu, halitoshi.

Sasa mtendaji, yeye kakujibu nusu. Malezi ni ya mzazi kweli, lakini Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 94, inaipa halmashauri wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto aliye kwenye eneo lake, haijasema mtoto wa mfanyakazi wa ofisini tu. Halafu Desemba 2021 nchi yetu ikazindua ile programu ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, wenyewe wanaiita PJT-MMMAM, ni ya watoto kuanzia kuzaliwa mpaka miaka 8, na ulinzi na usalama wa mtoto umo humo ndani. Na mwaka huohuo wa 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kabisa kwamba vituo vya kulelea watoto mchana ni njia ya kuzuia watoto wadogo wasife maji. Yaani sisi tunaokaa ufukweni mwa ziwa kituo cha watoto si anasa ya watu wa mjini, ni kama kuweka uzio kwenye kisima.

Kiukweli kazi ambayo halmashauri nyingi zinaifanya kwenye hivi vituo ni kupokea maombi ya usajili na kukagua, kujenga na kuendesha ni kidogo sana, wamewaachia watu binafsi na makanisa. Shule za msingi za serikali zina darasa la awali na ada hakuna tangu 2016, ila wako ni mdogo bado, na hata angekuwa mkubwa hao wa awali wanaachiwa mapema wewe bado uko sokoni. Ndo maana nasema msiombe "dei kea" hivihivi, ombeni kituo cha saa zenu, kinachofunguka alfajiri. Mkisahau kulisema hilo watawajengea jengo zuri lifunguliwe saa mbili na ninyi mtaendelea kubeba watoto mgongoni.

Liingizeni kwenye mkutano wa mtaa, liandikwe kwenye muhtasari, lipande kamati ya maendeleo ya kata ambako diwani ndo mwenyekiti, na lifike kwenye bajeti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, ukienda Mei wanakwambia bajeti ishapita, kwa hiyo pigeni kelele kuanzia Oktoba. Na msiende kinyonge mwanangu, ushuru wa soko mnalipa na ni mapato ya halmashauri, mna haki ya kuuliza shilingi ngapi imerudi kwa watoto wenu. Kirumba iko Manispaa ya Ilemela, usije ukapanda mpaka ofisi za Jiji wakakurudisha.

SWALI: Shangazi mimi ni bibi, naishi Igoma, nalea watoto 14 wa majirani kwenye chumba changu na baraza. Wamekuja watu wa ofisi wakasema nifunge sina usajili. Wazazi wao wanalia, mimi nalia. Wamenionea?

JIBU: Shikamoo mama yangu. Sitasema wamekuonea maana watoto 14 na mtu mmoja, ukiteleza ukaanguka wewe, au jiko likishika pazia, unawatoaje? Ukaguzi ni kwa ajili ya hilo. Lakini kukufungia bila kukuonyesha njia hapo sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu hao watoto kesho watafungiwa ndani kwao peke yao, na hiyo ni hatari kuliko baraza lako.

Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, usiende peke yako, chukua wazazi wawili. Omba akuandikie yanayotakiwa moja moja, choo, uzio, maji, wasaidizi, na akupe muda wa kurekebisha, maana maombi ya usajili yanaanzia kwake hivyo ni mtu wa kumweka karibu. Kama kuna wanawake wenzako wa kusaidiana undeni kikundi, ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, asilimia 4 ni ya wanawake, haina riba, na kulea watoto ni kazi kama kazi nyingine, andikeni hivyo kwenye fomu.

Na wakati unahangaika na hayo, ukisikia kuna mtoto kafungiwa ndani peke yake kutwa au anaumizwa, piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure.