Jibu: Madirisha ya magharibi, tinti au pazia?

Ndugu, umeuliza kama madirisha ya ofisi yenu Kisumu yanayotazama magharibi yatiwe tinti nyeusi au pazia zito. Anzeni nje: zuieni jua kabla halijafika kwenye kioo. Pazia hulizuia jua likishapita kioo. Joto limeshaingia, kiyoyozi kinahangaika, na taa zinawaka mchana kutwa. Tinti nyeusi hunyonya joto, na kioo cha kawaida chenye kingo zilizokatwa ovyo huweza kupasuka.

Kibaraza cha juu, yaani kipaa kinachotokeza juu ya dirisha, hakifai upande huo. Saa kumi na dakika 40 jua limeshuka hadi digrii 30 hivi, kwa hiyo dirisha la mita 1.5 lingedai kibaraza cha mita 2.6! (Kaskazini na kusini, sm 65 zinatosha adhuhuri mwaka mzima.) Mwambie fundi afunge mabapa ya alumini ya kulala, upana sm 10, yakiachana sm 6, rangi nyeupe. Fremu iwe na bawaba, la sivyo kioo hakitasafishwa kamwe, na ikae sm 10 kutoka kwenye kioo ili hewa moto ipande.

Jua likishuka zaidi litapenya. Hapo pazia jepesi jeupe linatosha. Na taa za safu ya dirishani zipewe swichi yao, ili zizimwe mwanga wa nje unapotosha.