Maswali ya wasomaji: Zaburi 130 inanikwamisha mstari wa tatu

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu, nikala 300,000 za wenzangu. Nimezirudisha zote na wamesema yameisha. Mwinjilisti wetu aliniambia nisome Zaburi 130, humo nitaona tumaini la kukombolewa. Wiki ya tatu hii naisoma kila usiku, na kila nikifika "nani angesimama?" najiona mimi ndiye nisiyesimama. Hilo tumaini limekaa wapi? (Msomaji, Chumbageni, Tanga)

JIBU: Amina, ndugu yetu. Limeanzia kwenye neno moja la mstari wa nne: "Lakini". Wewe unafunga kitabu kabla hujalifikia.

Zaburi hii ina mistari minane tu, nayo imekaa mbilimbili. Wa 1 na 2 ni kilio. Wa 3 na 4 ni hesabu ya maovu na msamaha. Wa 5 na 6 ni kungoja. Wa 7 na 8, aliyekuwa akilia anageuka na kuwaambia wengine. Mstari wa 3 haujaandikwa usomwe peke yake. Ni nusu ya sentensi. "Kama Wewe ungehesabu maovu, nani angesimama?" Jibu ni hakuna, si wewe tu. Kisha: "Lakini kwako kuna msamaha." Anayeishia kwenye swali amesoma mashtaka na kuondoka kabla hukumu haijatolewa.

Anza basi na mstari wa 1. "Toka vilindini nimekulilia." Mtu wa Tanga hahitaji kufafanuliwa kilindi: ni pale upondo haufiki chini, hata uusukume vipi. (Mwalo wa samaki mjini kwetu unaitwa Deep Sea, jina lilelile kwa Kiingereza.) Angalia sasa: anayeomba hajasubiri afike maji ya magoti ndipo alie. Analia akiwa hukohuko. Wengi huifanya kinyume, wanataka kwanza wajisikie wamekuwa wasafi ndipo waombe, na hapo maombi hukauka.

Kuna jambo ambalo tafsiri yetu haiwezi kulionyesha. Kitenzi cha Kiebrania kilichotafsiriwa "ungehesabu" katika mstari wa 3 ni shamar, kulinda au kutunza. Katika mstari wa 6, "walinzi" wanatokana na mzizi huohuo. Yaani Mungu haketi akilinda daftari la madeni; anayekesha zamu ni mwenye dhambi, na anacholindia ni asubuhi. Mfikirie mlinzi wa duka pale Ngamiani saa kumi alfajiri: koti limeloa umande, rungu liko mapajani, macho mazito. Hana uwezo wa kulivuta jua. Lakini hana shaka kwamba adhana ya alfajiri italia. Ndiyo maana maneno yamerudiwa: "walinzi waingojavyo asubuhi, naam, walinzi waingojavyo asubuhi." Usiku ni mrefu, na mwandishi hajauficha urefu wake. Kwa hiyo wiki tatu bila kusikia amani si dalili kwamba umekataliwa. Wewe uko kwenye mstari wa 5 na 6, nao ni sehemu ya zaburi kama ile mingine.

Maneno yanayomalizia mstari wa 4, "ili Wewe uogopwe", yasikutishe. Anayesamehe ndiye anayeogopwa hapa, na hofu hiyo ni heshima ya mtu aliyeachiliwa.

Namna ya kusoma: acha kusoma usiku ukiwa umechoka, soma alfajiri, kwa sauti. Siku ya kwanza mistari miwili, ya pili miwili, hivyo hadi siku nne. Mstari wa 3 usiusome kamwe bila wa 4. Siku ya nne kaa na "ukombozi mwingi". Kukomboa tunakujua kwenye rehani: mwenye kitu anapeleka fedha, anarudishiwa kitu chake. Hapa aliyewekwa rehani hana kitu mfukoni. Mstari wa 8 unasema, "Yeye atamkomboa."

Hilo linagusa fedha ulizorudisha. Hesabu 5:6-7 inamtaka mkosaji aungame, alipe kamili, kisha aongeze sehemu ya tano na kumpa aliyemkosea. Kwa 300,000 nyongeza ni 60,000. Hatusemi sheria ile inakubana leo, ila fedha ya wenzako ilikaa kwako bila kuwazalia. Ukiweza, wape kama haki yao. Ukiitoa kama bei ya msamaha wa Mungu, utarudi kukwama palepale mstari wa tatu.

SWALI: Jirani yangu Mkatoliki ana kitabu cha zamani cha sala kinachoiita hiyohiyo Zaburi 129. Nani kakosea? (Msomaji, Pangani)

JIBU: Hakuna. Tafsiri ya kale ya Kigiriki iliunganisha Zaburi ya 9 na ya 10 kuwa moja, na Kilatini kikafuata, hivyo kuanzia hapo namba nyingi ziko nyuma kwa moja. Mkisoma pamoja, tafuteni maneno "toka vilindini" badala ya namba.