Ukitaka kuchanganya vigunzi na makaa ya mawe

Vijana wa Katuba na Ruashi wananiuliza kama kaboni amilifu, ile yenye matundu madogo mengi yanayonasa uchafu wa maji, inaweza kutoka kwenye takataka za shambani peke yake. Inaweza, bandugu. Hapa Lubumbashi vigunzi vya mahindi havikosekani. Ila kaboni ya vigunzi vitupu ni laini: ukiitia kwenye chujio, maji yanaisaga na yenyewe yanatoka meusi. Ndiyo sababu nachanganya na makaa ya mawe. Makaa yanaleta ugumu, vigunzi vinaleta matundu, na potasiamu iliyomo kwenye vigunzi inausaidia mvuke kula kaboni upesi.

Anza na vigunzi sehemu 7, makaa sehemu 3. Ukizidisha makaa umezidisha majivu, na majivu hayachuji kitu.

Makaa ya mawe ya Luena, yanayochimbwa huku kwetu Katanga, hayashikani yenyewe yakichomwa. Kwa hiyo saga vyote viwili, kanda na uji mzito wa unga wa muhogo, kata vipande vya ukubwa wa karanga, anika vikauke kabisa. Kisha vichome ndani ya pipa lililofunikwa, lenye tundu dogo tu la moshi, mpaka moshi uishe.

Hapo bado una makala (mkaa) ya kawaida. Kazi yenyewe ni mvuke. Fundi wa kuchomelea akutengenezee bomba la chuma kinene; tia vipande ndani, ulipashe moto lifike digrii 800 hadi 900. Kama huna kipimajoto, tazama chuma gizani: wekundu uliofifia hautoshi, subiri uwe mkali kama pilipili iliyoiva, uanze kuelekea rangi ya chungwa. Ndipo uingize mvuke, pole pole. Ukiingiza mapema unapoza bomba bure. Mvuke unakula kaboni na kufungua matundu, kwa hiyo karibu nusu ya uzito inaweza kupotea. Anayeuhurumia uzito huo atabaki na makala ya kupikia bukari (ugali).

Gesi inayotoka ni hidrojeni na monoksidi ya kaboni. Ya pili inaua, na haina harufu. Fanyia kazi uwanjani, kamwe si ndani ya nyumba, watoto wakae mbali. Bomba lisifunguliwe mpaka lipoe kabisa, maana kaboni ya moto ikikutana na hewa inawaka.

Ioshe kaboni yako mpaka maji yatoke safi, ikauke, kisha ijaribu: chukua maji yenye matone ya bluu ya methilini (rangi ya maabara), tia kijiko kimoja cha kaboni, tikisa, acha itulie. Pembeni weka chupa nyingine yenye makala ya kawaida. Kaboni nzuri inaondoa bluu, makala yanaiacha nyingi.

Maji ya kunywa ni jambo lingine. Makaa ya mawe yanaweza kubeba madini yenye sumu, aseniki na risasi, kwa hiyo sampuli ipite kwanza maabara. Hata ikipita, kaboni haiui vijidudu vya kipindupindu. Maji yachemshwe au yatiwe klorini, na klorini itiwe baada ya kuchuja, kwa sababu kaboni inaifyonza.