Viatu vya mbwa wa miguu mitatu: yaliyotufaa sisi hapa Walukuba, Jinja, Uganda

Kabla hujaenda kwa fundi, angalia kwanza kama mbwa wako anavihitaji hivyo viatu. Mbwa wengi wenye miguu mitatu huishi vizuri tu bila kuvaa chochote. Wetu, Jeki, aligongwa na bodaboda, daktari wa mifugo akamkata mguu wa mbele wa kushoto, na kidonda kikapona bila matata. Shida ilikuja baadaye, kwenye ule wa kulia uliobaki. Mbwa hubeba asilimia 60 hivi ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Mmoja ukiondoka, mwenzake ndio unaoelemewa. Tena Jeki hatembei, anarukaruka, na kila mruko unyayo ule unatua kwa kishindo juu ya kokoto. Ngozi ikaanza kuchubuka, funza wa vumbini nao wakapata mlango. Sisi watu wa Busoga hatuhitaji kuelezwa funza ni nini.

Mzee mmoja jirani aliniuliza, “Mama Halima, mbwa avae viatu na watoto wanaenda shule pekupeku?” Swali la haki kabisa, Mzee wangu. Lakini hivi vimeshonwa kwa suruali kuukuu ya jinzi, na soli yake ni tyubu ya baiskeli iliyokwisha kazi. Fundi anayetengeneza lugabire, zile ndara za tairi kuukuu, sokoni Jinja ndiye aliyevishona, huku akicheka muda wote. Viatu vya watoto vya mitumba tulivijaribu, havikukaa: unyayo wa mbwa ni mviringo, kiatu cha mtoto ni kirefu, basi kinazunguka mguuni. Soksi nazo huteleza kwenye sakafu ya saruji iliyong'arishwa, na mbwa wa miguu mitatu akiteleza hana mguu wa akiba.

Kipimo kichukuliwe mbwa akiwa amesimama. Mweke juu ya karatasi, chora kuzunguka unyayo. Akilala vidole hujikusanya, akisimama hutanuka, na mguu uliobaki peke yake hutanuka zaidi, kwa hiyo usichukue kipimo cha mguu wa nyuma ukadhani kitafaa mbele. Kucha zikatwe kabla ya kupima, la sivyo zitakitoboa kiatu. Mwambie fundi mkanda upite juu kidogo ya kiungo cha chini, na uwe mpana. Mkanda mwembamba hukata ngozi. Ukishaufunga, kidole chako kimoja kiweze kupita chini yake.

Kuvalisha ndiko kunakowashinda watu. Mbwa wa miguu minne unamwinua mguu mmoja, anabaki na mitatu, mambo yanakwenda. Huyu ukimwinulia ule wa mbele akiwa amesimama, anaanguka kifua chini, na kuanzia hapo akiona kiatu tu anajificha chini ya kitanda. Mlaze ubavu kwenye mkeka. Mtu mmoja akae kichwani akimpapasa na kumlisha vipande vya mukene (dagaa), mwingine avalishe. Na usianze na mguu anaoutegemea! Anza na wa nyuma, umwache azoee kitu kigeni mguuni, atanyanyua hatua juu kama anavuka dimbwi, wacheni kumcheka. Akishaacha kukitafuna, ndipo uhamie mbele, kwanza ndani ya nyumba au kwenye majani, kwa muda mfupi tu. Kiatu kinamnyima kuhisi ardhi, na yeye anaishi kwa kuihisi.

Jeki anavaa cha mbele peke yake, na ni kwa safari tu: kwenda Masese, au kupita lami saa nane mchana. Lami ipime kwa mgongo wa kiganja; ukishindwa kuuacha hapo mpaka uhesabu saba, unyayo wake nao utaungua. Nyumbani kivuliwe. Mbwa hutoa jasho kwa nyayo, na kiatu kilicholowa huoza ngozi katikati ya vidole, hasa majira haya ya mvua. Ukikivua, panua vidole uangalie wekundu, uvimbe, mawe madogo, na funza. Kiatu hakizuii funza kama uwanja wenyewe ni vumbi tupu. Nyunyizia maji, fagia, na mahali pake pa kulala pawe safi. Akichechemea hata baada ya kuvuliwa, mpeleke kwa daktari mapema, maana mguu huo hauna mwenzake.

Soli zikiisha usizitupe, mpelekee fundi azione. Za Jeki huisha upande wa ncha, kwenye vidole viwili vya kati, kwa sababu huburuza kucha akichoka. Sasa fundi anashona tyubu mara mbili hapo mbele, na nyuma anaacha tabaka moja ili kiatu kisiwe kizito.