Maswali na majibu: mafuta, maji na unga unaovishikilia

Unga usio sabuni, yaani poda laini kama silika au udongo, unawezaje kuzuia mafuta na maji visiachane?

Chembe zake hujipanga kwenye mpaka wa mafuta na maji, kila tone likavikwa ganda. Matone mawili yakigongana, maganda ndiyo hukutana, mafuta hayafikiani. Sabuni nayo hukaa mpakani, ila molekuli zake huingia na kutoka kila wakati. Chembe ikishakaa haibanduki kirahisi. Chukua chembe ya silika (madini yanayounda mchanga) yenye kipenyo cha nanomita 20, iliyozama nusu kwenye maji na nusu kwenye mafuta, mvutano wa mpakani, yaani nguvu inayoukaza mpaka wa mafuta na maji, ukiwa milinewton 50 kwa mita. Kuing'oa kunadai nishati takriban mara 3,800 ya mtikisiko wa kawaida wa joto la chumba. Nishati hiyo hufuata mraba wa kipenyo, kwa hiyo chembe ya nanomita 2 hushikiliwa kwa mara 38 tu. Udogo nao una mwisho wake.

Emulsheni, yaani michanganyiko ya matone ya mafuta ndani ya maji au kinyume chake, za aina hii huitwa za Pickering, kwa jina la mkemia Mwingereza aliyeandika juu yake mwaka 1907, ingawa mwanasayansi Walter Ramsden alikwisha kulieleza jambo hili mwaka 1903.

Nimetumia silika ya kawaida isiyopakwa kitu. Nikikoroga inakuwa nyeupe kabisa, lakini baada ya dakika chache mafuta yote yako juu. Ninunue mashine yenye kasi zaidi?

Hapana, acha mashine. Silika tupu inapenda maji kupita kiasi: inalowa yote na kubaki ndani ya maji, mpakani haikai. Kinachoamua ni pembe ya mguso, yaani pembe ambayo mpaka wa mafuta na maji hufanya na uso wa chembe, ikipimwa upande wa maji. Kwenye digrii 90 chembe imeshikiliwa kwa nguvu zote. Kwenye digrii 30, ile 3,800 ya jibu la kwanza inashuka hadi 68 hivi, na kwenye 20 inabaki kama 14. Hakuna kasi ya kukoroga inayoweza kufidia pengo hilo.

Ujaribu unga wako kabla ya kuupima kwenye mizani. Nyunyiza kidogo juu ya maji kwenye chupa ya kioo. Ukizama wenyewe papo hapo, unapenda maji mno. Ukielea, na hata baada ya kutikisa kwa nguvu ukarudi juu ukiwa mkavu, unayachukia mno. Ukielea kwanza, kisha ukaingia majini baada ya kutikiswa vizuri, huo ndio wa kuanza nao.

Dawa ya silika tupu ni mbili. Ya kwanza, tumia silika iliyotibiwa kiwandani ili sehemu ya uso wake ikatae maji. Ya pili, ongeza kiasi kidogo sana cha sabuni yenye chaji chanya: silika ndani ya maji ina chaji hasi, kwa hiyo sabuni hiyo hung'ang'ania kwenye chembe na kuzipunguzia hamu ya maji. Ukizidisha, tabaka la pili hujijenga juu ya la kwanza na chembe inarudi kupenda maji kama mwanzo. Ongeza hatua kwa hatua, kwenye chupa ndogo ndogo.

Kwa udongo wa aina ya bentonaiti, chumvi husaidia, kwa kuwa inapunguza msukumano wa chaji na vibamba vya udongo huo vinakubali kukaribiana mpakani. Anza na gramu 6 hivi kwa lita ya maji. Lakini uache udongo uvimbe kwanza kwenye maji yasiyo na chumvi. Ukianza na maji ya chumvi hautavimba ipasavyo na utabaki mabonge.

Niweke unga kiasi gani?

Kwa chembe za mviringo, ukitaka kufunika asilimia 90 ya uso wa matone, zidisha ujazo wa mafuta kwa 3.6, kisha kwa kipenyo cha chembe, ugawanye kwa kipenyo cha tone. Mililita 50 za mafuta, matone ya mikromita 50, chembe za mikromita 0.1: jibu ni mililita 0.36 za unga, ambazo kwa silika ni karibu gramu 0.8. Chembe zikiwa za mikromita 1, utahitaji karibu gramu 8 kwa kazi ileile. Mabonge huhesabika kama chembe kubwa, ndiyo maana kuusambaza unga vizuri kabla ya kutia mafuta kunaokoa unga mwingi.

Ukiweka pungufu, matone yataungana mpaka uso uliobaki utoshe kufunikwa, kisha yatatulia yakiwa makubwa zaidi. Hapo hakuna kilichoharibika, ila unga haukutosha matone uliyoyataka.

Vaa barakoa unapopima poda kavu; silika laini hupeperuka.

Nitajuaje kama nimepata mafuta ndani ya maji au kinyume chake?

Dondosha tone moja kwenye maji na jingine kwenye mafuta. Linakosambaa, ndicho kilicho nje. Pembe ya mguso chini ya digrii 90 huelekea kuweka maji nje, juu yake huelekea kuweka mafuta nje.

Baada ya robo saa maji safi yamejitenga chini. Emulsheni imevunjika?

Angalia juu. Kama hakuna mafuta huru, haijavunjika. Matone yamepanda tu. Tone la mikromita 50, mafuta yakiwa na uzito wa gramu 920 kwa lita, hupanda karibu milimita 0.1 kwa sekunde, kwa hiyo sentimita 10 ni suala la robo saa. Punguza kipenyo kwa nusu, kasi itashuka hadi robo. Au fanya maji yawe mazito kwa gundi ya zanthani, asilimia 0.2 hadi 0.3, ukiilowesha kabla ya yote.

Niongeze sabuni ya kawaida kidogo kwa usalama?

Usiongeze. Hushusha mvutano wa mpakani, hubadili pembe ya mguso, na ikizidi huzisukuma chembe nje.

Na nikitaka kuivunja?

Inategemea ganda ni la nini. Kalisiamu kabonati huyeyuka kwa asidi. Acha chombo wazi, kwani gesi hutoka. Fuwele za mafuta, kama zile za majarini, zipashe moto mpaka ziyeyuke. Oksidi ya chuma yenye sumaku huvutwa kwa sumaku kali. Silika ndiyo sugu: kwa hiyo tumia sabuni ya kulowesha, ile tuliyokuonya hapo juu, ongeza kidogo kidogo huku ukikoroga taratibu, kisha iache itulie.